Muonekano wa gemu ya maisha ya mtaani: anza na kona moja ya Mwanza, usianze na vitu mia mbili

Nianze na aibu yangu ili tuelewane. Gemu yangu ya kwanza ya maisha, ile ambayo mtu anaamka, anaenda kwenye mihangaiko, anapika, analala, akipenda anaoa, niliichora miezi mitano mfululizo kabla sijaandika hata mstari mmoja wa programu. Nilikuwa na picha karibu mia mbili kwenye folda. Nyumba za paa jekundu lililochongoka kama kofia, uzio wa mbao mweupe, miti ya duara, nyasi za kijani mpaka zinagusa maji, alafu pale mwaloni, samaki wanaposhushwa, nikasimika kibao kimeandikwa KIRUMBA. Mdogo wangu wa kike akachungulia akasema, "kaka, hii Kirumba ya wapi? Mbona mapaa yote ya theluji?"

Na kweli bwana. Lile paa la kuchongoka kule kwao linajengwa hivo ili theluji iteleze, mi nimelibeba tu kutoka kwenye gemu za watu nikalileta Kanda ya Ziwa ambako nyumba ya kawaida ina bati limelala na mawe mawili matatu juu yake upepo usije ukaondoka nalo. Nilifuta vyote, roho iliniuma wiki nzima. Hapa chini ndo njia niliyotumia mara ya pili, na namwandikia mtu anayefanya peke yake au na mshkaji mmoja, laptopu ya kawaida, bando la kuungaunga.

Kabla ya penseli: mchezaji ataangalia nini kutwa nzima?

Gemu ya vita mchezaji anapita sehemu mara moja, anafyatua, anasonga. Gemu ya maisha anaona jiko lile lile na kitanda kile kile mara mia tatu. Kwahiyo muonekano wako una kazi mbili tu, usiyachoshe macho, na usomeke chap: huyu nani, ana hali gani, na kitu gani hapa kinagusika. Mengine yote ni mapambo.

Angalia waliotangulia walivotatua hilo, usiangalie walivopaka rangi. The Sims ilivotoka mwaka 2000 waliweka ile almasi ya kijani juu ya kichwa cha mtu unayemwongoza, mambo yake yakiharibika inaenda kwenye wekundu, basi, hata ukiwa mbali unajua jamaa yuko hoi. Animal Crossing, iliyoanzia Japan mwaka 2001, wakafanya vichwa vikubwa na miili mifupi kwa sababu uso ndo unaobeba furaha na hasira, miguu haibebi kitu. Stardew Valley ya mwaka 2016 kaichora mtu mmoja, Eric Barone, na alifuta na kuchora upya mara nyingi tu, kwahiyo ukifuta usijione mjinga.

Chukua karatasi andika vitu vitano ambavyo mchezaji wako atavigusa kila siku ya gemu. Vyangu vilikuwa kitanda chenye neti, jiko la mkaa, mtumbwi, chanja ya kuanikia dagaa, na duka la mangi. Hivyo vitano ndo vinakula muda wako. Nguzo ya umeme, mwembe wa pembeni, kontena la kule nyuma, hivyo chora vibaya kwanza utarudi baadae, na mara nyingi utagundua hakuna aliyeviona.

Kuhusu pikseli (vile vidoti vya mraba vinavyounda picha) au 3D au michoro ya mkono sitaki kukupotezea muda. Kama unajua Blender, ile programu ya 3D, na mkono wako umeshazoea, fanya 3D ya poligoni chache, yaani maumbo ya vipande bapa vichache, ukitengeneza mtu mmoja mwendo wake unamvalisha na wengine. Kama unachora vizuri kwa mkono fanya michoro, ila jiandae, kila mwendo mpya ni kuchora upya. Mi nilichagua pikseli kwa sababu kosa la pikseli unalifuta kwa kubonyeza mara moja, na programu zake hazisumbui kompyuta. LibreSprite na Pixelorama ni za bure, Krita nayo ya bure, injini, yaani programu ya kuundia gemu yenyewe, nilitumia Godot ambayo haikudai hata senti. Mtu asikwambie mpaka uwe na kompyuta ya milioni tatu.

Namba, na hizi usizibadilishe katikati ya safari

Hapa watu wengi ndo wanapoumia. Amua ukubwa wa skrini ya gemu na ukubwa wa taili (kile kipande cha mraba unachokipanga kujenga dunia ya gemu) siku ya kwanza, andika ukutani. Skrini yangu ni pikseli 320 kwa 180. Kwa nini hizo? Ukizizidisha mara 4 unapata 1280 kwa 720, mara 6 unapata 1920 kwa 1080, hakuna pikseli inayokatika nusu. Ukizidisha mara nne na robo pikseli zingine zinakuwa nene zingine nyembamba, mtu akitembea anatetemeka kama ana homa.

Ila sasa, wachezaji wetu wengi wako kwenye simu, na simu nyingi za bei ya kawaida ni 720 kwa 1600. Ukiilaza, kimo kile kile, upana umezidi, kwahiyo ukigawa kwa 4 unapata upana wa 400. Dawa yake: chora mandhari ifike 400, lakini kila kitu cha muhimu kikae ndani ya zile 320 za katikati. Usipofanya hivo jamaa wa simu ndefu ataona ukingo wa dunia yako, yaani ziwa linaishia hewani.

Taili ni 16 kwa 16. Hapo unapata taili 20 kwenda upande na 11 na kidogo kwenda juu, inatosha kuonesha chumba, uwanja na kipande cha barabara. Mtu wangu upana 16 na urefu 32. Kuna wakati nilishawishika kwenda 32 kwa 32 eti pawe pazuri zaidi, aisee, ukizidisha upande mara mbili kazi inazidi mara nne, kitu cha dakika ishirini kinakuwa cha saa nzima na ushee. Rudi kwenye 16.

Kona moja

Hii ndo sehemu yenyewe, nyingine zote unaweza ukaruka. Usichore vitu. Chora skrini MOJA, kona moja ya sehemu unayoijua, mpaka iishe kabisa, na watu ndani, na maandishi, na mwanga wa saa fulani. Ukimaliza hiyo kona utakuwa umeshafanya maamuzi yote bila kujua, na vitu vingine mia mbili vitafuata sheria za hiyo kona. Ukianza na vitu mia mbili kila kimoja kinakuja na sheria zake, unapata soko, sio staili.

Kona yangu ilikuwa kipande cha ufukwe chenye mwamba mkubwa, mtumbwi umepakiwa, na chanja pembeni. Nilienda na daftari na penseli, simu niliiweka mfukoni kwanza. Mwaloni ukianza kumpiga mtu picha bila kuomba utaulizwa maswali na wana haki, omba, nunua hata dagaa wa mia tano, kaa, chora. Ukichora kwa mkono watu wenyewe wanakusogelea wanaanza kukurekebisha, "hapana, hiyo mbao inapita kwa chini".

Sasa mwamba. Mwanza bila mwamba sio Mwanza, mawe yamebebana juu kwa juu kila unakogeuka, kuanzia lile jiwe la Bismarck kwenye maji pale karibu na kivuko cha Kamanga mpaka nyumba za Mabatini na Igogo zilizopanda mlima kama zinashindana. Kwenye gemu yangu ya kwanza mwamba ulikuwa duara la kijivu, juu nyeupe, chini nyeusi. Ulionekana donge la unga wa chapati. Nikakaa mbele ya mwamba halisi saa mbili asubuhi nikaangalia kweli kweli, na nikagundua sijawahi kuuona maisha yangu yote nilivozaliwa hapa.

Kwanza sio wa kijivu. Asubuhi una kahawia inayoelekea pinki. Una michirizi myeusi inayoshuka wima, maji ya mvua yanakopita kila mwaka. Kuna madoa meupe ya vinyesi vya ndege na madoa ya kijani mpauko. Kivuli chake sio cheusi, ni bluu inayoelekea zambarau, kwa sababu sehemu ambayo jua halifiki bado inapata mwanga wa anga. Na umbo lake sio duara, huu ni mwamba wa graniti, unabanduka magamba kama kitunguu, kwahiyo kuna sehemu ni laini ya kuviringa alafu ghafla kuna kona kali pale gamba lilipodondoka.

Nikauchora hivi: kwanza ufa. Ile nafasi nyeusi jiwe linapokutana na jiwe, yenye majani mawili yamechomoza, hiyo ndo ya kwanza kuchora, mawe yenyewe yatajitokeza pembeni yake. Alafu rangi moja ya kati kwa jiwe zima. Alafu kivuli cha zambarau kwa chini, kisichozidi theluthi. Alafu mwanga juu, pinki iliyopauka, sio nyeupe. Mwisho michirizi, upana wa pikseli moja, na iwe inakatika katika, ukiishusha moja kwa moja inakuwa pundamilia. Rangi tano jumla. Jiwe la 48 kwa 48 saa moja na nusu, na nilivoliweka kwenye skrini mdogo wangu hakuuliza hii ni wapi.

Na hapo mwamba ukanipa sheria kubwa kuliko zote. Kwenye pikseli unapenda kugeuza picha, chora jiwe moja linalotazama kulia, ligeuze unapata la kushoto bure. Tatizo ni kwamba kama mwanga wako unatoka kushoto, ukigeuza jiwe mwanga nao unahamia kulia, unakuwa na majua mawili. Sasa sisi tuko digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, mchana jua liko karibu utosini, kivuli cha mtu kinamkalia miguuni. Kwahiyo niliamua mwanga wote kwenye gemu unatoka juu, katikati. Kila kitu kinageuzika. Kazi ya miti, mawe, mitumbwi, nyumba, ikapungua karibu nusu, na wala sio uongo, ndo mwanga wetu wenyewe. Angekuwa mtu anatengeneza gemu ya mji wa Norway asingeweza kufanya hivi.

Kitu kingine ni mlima. Ukitazama mji kutoka juu kabisa, Mwanza inakuwa ramani ya mabati, huoni kitu. Tazama kwa kuinama kidogo, ile ya kuona paa na ukuta wa mbele kwa pamoja, alafu kila ngazi ya mlima iwe ukuta wa jiwe wa taili moja. Nyumba zikipandana hivo unapata mtaa wa mlimani kama Bugarika bila kuandika Bugarika.

Rangi

Chagua rangi 32 basi. Sio kwa sababu kompyuta haiwezi zaidi, ni kwa sababu wewe huwezi kuzitawala zaidi. Usizipakue mtandaoni, zitoe kwenye kona yako. Mi nilizitoa kwa vitu vichache: yule mjusi dume wa kwenye mawe ambaye kichwa na mabega ni nyekundu ya pinki na mwili bluu, kutu ya bati, furu aliyetolewa kwenye maji sasa hivi kabla hajapauka, rangi za mafuta zilizobaki ubavuni mwa mitumbwi, na magugu maji, ambayo bwana tunayalaani kila siku lakini kijani yake na lile ua la zambarau vimenisaidia sana.

Ziwa ndo lilinipiga chenga. Kila mtu akichora maji anachukua bluu ya bahari ya matangazo ya utalii. Ziwa letu karibu na mji ni kijani ya kijivu, asubuhi upepo ukitulia linakuwa fedha, alasiri upepo ukiamka linakuwa bluu nzito lenye meno meupe. Nikatengeneza maji ya aina tatu yanabadilika kwa saa, na kila moja ni rangi tatu tu. Na magugu niliyafanya yanatembea, leo yako hapa, upepo ukigeuka kesho yameziba gati, mchezaji hawezi kutoa mtumbwi. Mapambo yakageuka kuwa tukio, hiyo ndo raha ya hizi gemu.

Sheria moja ya rangi ambayo imeniokoa: nyekundu kali na njano kali ni za vitu vinavyogusika tu. Ndoo unayoweza kuchota, njano. Mlango unaofunguka, una nyekundu sehemu. Ukuta, ardhi, miti, vyote vimepauka kidogo. Mchezaji hajui hiyo sheria lakini baada ya dakika kumi kidole chake kinajua.

Alafu igeuze skrini nzima iwe nyeusi na nyeupe uangalie. Mtu wangu wa kwanza alikuwa na fulana nyekundu kwenye nyasi za kijani, kwa rangi anawaka, nilivotoa rangi akapotea kabisa, wekundu na kijani vilikuwa na uzito mmoja. Na usipimie ndani tu. Toka nje saa saba mchana na simu ya kioo kilichopasuka, inua mwanga wote, uone kinachobaki. Mara ya kwanza vilibaki viatu.

Usiku

Usichore kila kitu mara mbili cha mchana na cha usiku, tafadhali. Godot ina nodi, yaani kifaa cha ndani yake, inaitwa CanvasModulate inapaka rangi juu ya skrini nzima, unaipa rangi tofauti kwa kila saa inahama polepole. Asubuhi njano hafifu, mchana nyeupe yaani haibadilishi kitu, kuelekea saa moja jioni machungwa, kwa sababu kutoka mjini jua linazama ng'ambo ya ghuba na maji yote yanashika moto, usiku bluu ya zambarau. Usiku usiwe mweusi, mtu ana gemu mkononi anataka kuona.

Uzuri wenyewe uko kwenye taa. Usiku wa giza la mwezi wavuvi wa dagaa wakiwa ziwani, ukisimama Capri Point unaona kama kuna mji mwingine juu ya maji. Dagaa wanafuata mwanga, mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti vizuri, kwahiyo kalenda ya mwezi ndo kalenda ya kazi. Nikaiweka hivo hivo: mwezi ukiwa mpevu ziwa la gemu liko wazi na lina fedha, wavuvi wako mtaani wanacheza drafti, mwezi ukiisha ziwa linajaa vidoti. Kila kidoti ni pikseli nne na mng'ao wa duara, na chini yake mistari mitatu inayocheza kwenye maji. Amua pia gemu yako ni ya mwaka gani, kwa sababu karabai ina mwanga wa njano wenye joto na hizi taa za sola za siku hizi ni nyeupe ya baridi. Rangi moja tu na umeshamwambia mchezaji ni enzi za baba yake au ni sasa.

Watu na nguo zao

Ngozi nyeusi kwenye mafunzo mengi ya mtandaoni wanaichora vibaya, wanachukua ngozi nyeupe wanaongeza nyeusi, mtu anakuwa na majivu. Kivuli cha ngozi yetu kipeleke kwenye wekundu mzito au zambarau, mwanga upeleke kwenye dhahabu, na ukiwa na nafasi weka pikseli moja ya bluu ya anga kwenye paji la uso. Mstari wa pembeni usiwe mweusi tii maana unaungana na ngozi na nywele mtu anakuwa kivuli, tumia kahawia ya zambarau. Jicho jeupe kabisa linatisha, lififishe.

Mwendo: pande nne mara fremu nne (fremu ni picha moja ya hatua) ni fremu 16, ila kulia na kushoto unageuza kwahiyo unachora 12. Nguo, nywele na mzigo wa kichwani viwe leya tofauti juu ya mwili, maana kila nguo nayo inataka fremu 12, nguo kumi ni fremu 120, na hapo mtu hajakaa wala hajala. Nilichora gauni moja, fulana moja, suruali moja, shati moja, alafu rangi nikabadilisha kwa programu.

Kanga ilinichukua siku mbili. Kanga ina pindo, mji na jina, na kwenye pikseli 16 huwezi kuandika jina lolote. Nikajaribu kuweka maua, ikawa pazia. Mwisho nikagundua kinachomwambia mtu hii ni kanga sio kitenge ni pindo. Nikaweka pindo la giza pikseli mbili kuzunguka, doa moja kubwa katikati, na juu ya pindo la chini mstari wa vidoti vinavyoachana, ndo jina. Ukisogeza mbali jicho linasoma maneno ambayo hayapo. Wapo watakaokwambia chora gemu nzima kwa Tingatinga kwa sababu ndo sanaa yetu. Sikatai, Edward Saidi Tingatinga alianza Dar mwaka 1968 na rangi za mafuta juu ya hadibodi, na ile kupaka rangi bapa na vidoti inafaa sana kwenye ukurasa wa mwanzo. Lakini gemu nzima hivo inapiga kelele, mtu anatafuta sufuria haioni. Ukitaka maumbo ya huku nenda Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, kaa na daftari mbele ya ngoma na viti, mi fremu za madirisha ya menyu nimezitoa kwenye kiti.

Alama na maandishi

Njaa usiweke uma na kisu. Niliweka bakuli lenye mvuke, mpwa wangu wa miaka saba akasema "mjomba, hii ni ya kunawa?" Nikabadilisha nikaweka bonge la ugali limemegwa pembeni, akasema "njaa". Usafi ni ndoo na kata, usingizi ni neti iliyoshushwa, upweke nilihangaika nao mpaka nikaweka birika la kahawa na kikombe kimoja. Kila alama mwoneshe mtoto na mtu mzima, bila maelezo, wakikosea alama ndo imekosea.

Maneno ya Kiswahili ni marefu, kitufe kilichochorwa kwa neno fupi la Kiingereza hakitoshi "Anika dagaa". Herufi za pikseli 6 kwa upana, kwenye 320, unapata kama herufi 53 kwa mstari ukijaza mpaka ukingoni, panga hapo hapo. Na kagua fonti yako kama ina ile alama ya juu, yangu haikuwa nayo, kila ng'ombe alikuwa na kisanduku katikati, nikagundua gemu ishafika kwa watu.

Karatasi ya ukutani

Kona ikiisha andika sheria zake kwenye karatasi moja, sio kitabu. Yangu ina: 320 kwa 180, taili 16, rangi 32, mwanga juu, kivuli zambarau, nyeusi tii marufuku, nyekundu na njano kwa vinavyogusika, mstari wa pembeni wa rangi sio mweusi, fremu nne. Mshkaji akikuchorea kitu mpe hiyo karatasi na picha ya kona, usimpe maneno kama "fanya pawe pa kwetu", atakuchorea twiga. Faili zipe majina yanayoeleweka, mimi nina faili linaitwa mwamba_mwisho_kweli_3 na sijui lile la pili lilienda wapi.

Alafu printi kona yako, hata stationari ya mtaani rangi ya bei rahisi, urudi nayo pale ulipoichorea. Mi nilimpelekea mama mmoja anayeanika dagaa ambaye alikuwa ananiona na daftari kila siku. Akaishika mbali kama wanavoshika watu wazima, akacheka mtumbwi, akamwonesha mwenzake mwamba, alafu akaweka kidole kwenye chanja. "Mwanangu, hawa umewaanua lini? Hawa bado wabichi hawa, wataoza." Nilikuwa nimewapaka fedha inayong'aa na bluu kidogo, kama wametoka majini. Tukasogea kwenye chanja yake akaninyooshea: wabichi wanang'aa, waliokauka wamepauka na wana udongo udongo kwa mbali, walionyeshewa wamekuwa kahawia iliyokufa na hao wanaenda kuwa chakula cha kuku. Nikarudi nyumbani nikachora taili tatu badala ya moja, tofauti yake ni pikseli kama sita hivi, na sasa mvua ikinyesha kwenye gemu watu wanakimbia kuanua.